UZI: Kuizunguka Bahari ya Baltiki kwa gari la kulala: vivuko, vituo na pa kulaza ubavu

Kobe_wa_Elbe (mleta mada)

Wakuu, salaam. Tangu niweke ile picha ya gari langu limesimama mbele ya mdomo wa meli, watu wananifuata faraghani na maswali yale yale. Nafungua uzi tuyamalize hadharani.

Naishi pembezoni mwa Hamburg, mwaka wa kumi na moja huu. Gari ni Volkswagen Transporter kuukuu nililolinunua kwa fundi bomba. Nilipiga kitanda cha mbao ndani, nikaweka jiko dogo la gesi na choo cha ndoo. Nyumbani tungeliita kipanya tu. Mwezi wa sita mimi na mama watoto tulipata likizo ya wiki tatu, tukasema mwaka huu Hispania basi, tuizunguke Baltiki mpaka turudi tulikotoka. Ujerumani, Polandi, Lituania, Latvia, Estonia, unaruka maji hadi Ufini, unaruka tena hadi Uswidi, unaruka mara ya tatu unaangukia Rostock. Nchi saba, sarafu tatu tu: yuro, zloti na krona.

Somo nililolipata kwa gharama ni hili: tiketi ya meli ya usiku usiinunue kwa akili ya tiketi ya basi. Inunue kwa akili ya kukodi gesti. Unaoga maji moto, unalala kwenye shuka safi, unaamka nchi nyingine na mafuta ya gari hujayagusa. Ukilinganisha bei yake na basi utaiona ghali. Ilinganishe na chumba cha hoteli Stockholm, halafu urudi hapa tuzungumze.

Naendelea kwa vipande, nikitoka kazini.

---

Chumvi_Kidogo

Naweka kambi. Shusha nondo, kahawa iko mezani.

---

Mkala_wa_Likoni

Kabla hujafika mbali, ndugu yangu. Mimi ni mtu wa Mombasa, kivuko kwangu ni jua la utosi, honi, na mbuzi wa mtu anakutafuna shati. Huko foleni iko vipi? Na bamvua likitoa maji wanapakia vipi magari? Likoni maji yakipwa sana ile njia ya kushukia inakuwa mlima, gari la chini linakwaruza tumbo.

---

Kobe_wa_Elbe

Mkala, umeuliza swali ambalo Mjerumani hawezi kuliuliza maishani!

Siku ya kwanza tulilala Travemünde, pale mto Trave unapomwagika baharini. Asubuhi nikashuka kutazama maji yamepwa wapi. Yako pale pale. Mchana pale pale. Jioni nikamuuliza mzee mmoja mvuvi, akanicheka. Baltiki karibu haina kujaa wala kupwa. Imefungwa kama bwawa, mlango wake ni ile milango myembamba ya Denmaki, mwezi ukivuta maji yanacheza sentimeta chache tu. Kinachoyapandisha ni upepo: ukivuma siku mbili toka upande mmoja, maji yanajazana upande wa pili. Kwa hiyo daraja la kupakilia lipo usawa ule ule karibu saa zote, na ratiba ya meli haina habari na mwezi. Nilikaa pale gatini nikawaonea wivu kidogo.

Na chumvi pia haba. Ukiyaonja katikati ya Baltiki, ni kama moja ya tano ya chumvi ya kwetu, na ukipanda kaskazini yanazidi kuwa baridi (yaani hayana ladha, si ubaridi, ingawa huo nao upo).

Foleni: unafika na nambari ya tiketi, Tallinn na Helsinki kamera inasoma namba ya gari yenyewe, unapewa mstari, unazima injini unasubiri. Hakuna anayekuuzia korosho. Nilizikumbuka.

---

Chumvi_Kidogo

Jina langu limetajwa kwenye sayansi, asanteni.

---

Kobe_wa_Elbe

KIPANDE CHA KWANZA, pa kulala.

Ujerumani ni rahisi mno. Kila mji wa pwani una Stellplatz, uwanja ambao halmashauri imeutenga kwa magari ya kulala: mashine ya kulipia, bomba la maji, umeme, na mahali pa kumwaga choo. Tulilala Wismar karibu na bandari ya zamani, kesho yake Warnemünde, tukala mkate wa samaki wa kuvuta moshi hadi mama watoto akasema basi. Pasipo na uwanja, sheria ya Ujerumani inakuruhusu kulala garini usiku mmoja barabarani ili dereva arudishe nguvu. Kulala tu lakini. Ukitoa viti na meza nje, hiyo inakuwa kambi.

Polandi tuliingilia Świnoujście. Mji umekaa visiwani, miaka yote watu walivuka kwa vivuko vya bure, hadi mwaka 2023 wakafungua handaki chini ya mto. Tulipita handakini kwa dakika chache, halafu mama watoto akadai turudi tupande kivuko, ndilo tulilolijia. Tukarudi. Kuanzia hapo pwani ya Polandi ni mchanga mtupu hadi Gdańsk, na Łeba kuna vilima vya mchanga vinavyohama, ukipanda juu unajiona upo jangwani na bahari imelala pembeni. Vijijini watu wanakutazama, hilo nisikufiche. Wanakutazama, wanamaliza, wanarudia samaki wao.

Toka Gdańsk usidhani utafuata pwani mpaka Lituania. Katikati kuna Kaliningrad, ambayo ni Urusi. Unazunguka kwa ndani hadi Suwałki, unaingia Lituania kule, halafu unarudi tena kuelekea baharini Klaipėda. Siku nzima ya malori. Asiyetaka adha hiyo, ipo meli ya Kiel hadi Klaipėda, kama saa 20 hivi, na Polandi yote umeiruka.

---

Dereva_wa_Masafa

Malori hayo ndiyo sisi, pole kwa kukufukizia moshi.

Mimi ni Mtanzania, naendesha lori la kampuni ya huku Baltiki, jina acha. Niwape upande wa pili ambao watalii hawauoni. Sheria ya Ulaya inataka dereva apumzike saa 11 mfululizo kwa siku. Ukiwa melini, mapumziko hayo yanaruhusiwa kukatizwa mara mbili tu, jumla isizidi saa moja, ili uingize lori na kulitoa, mradi una kitanda. Kile kidude cha kurekodi saa za kazi kina alama maalumu ya feri, unaibonyeza kabla hujazima. Ndiyo maana njia kama Gdynia (Polandi) hadi Karlskrona (Uswidi), saa kumi na kitu usiku, zimejaa sisi. Meli ndiyo ofisi inayotupa usingizi kisheria. Wakati mtalii analalamika safari ndefu, dereva anaomba iwe ndefu zaidi.

Ushauri kwa wenye vigari vya kulala. Funga mtungi wa gesi pale pale kwenye mtungi, usiishie jikoni. Weka gia, vuta breki ya mkono. Zima king'ora cha wizi, maana meli ikiyumba kidogo kinadhani unaibiwa na kitalia hadi betri ife. Nimeona familia imeamkia hapo asubuhi, lori ishirini nyuma yao zinapiga honi. Chukua dawa, koti na chaja kabla ya kupanda juu. Bahari ikianza, sitaha ya magari inafungwa, hurudi tena hadi watangaze. Na kumbuka namba ya ngazi uliyopandia! Ngazi zote zinafanana.

Wahenga walisema kwenda tezi na omo, marejeo ngamani. Huku ngamani ndiko gari lako liliko, ila kila mtu anashukia ngamani isiyo yake.

---

Mkala_wa_Likoni

Hiyo ya ngamani nimeipenda, naiiba.

---

Bint_Chake

Assalaam aleikum nyote. Kobe, kaka yangu, uzi wako nausoma toka jana. Naishi Copenhagen mwaka wa sita. Mume wangu ana gari na ana hamu kama yako, kila kiangazi ananiimbia Helsinki, Tallinn. Mimi ni mtu wa Pemba. Mwaka 2011, meli ya Spice Islander ilipozama, mnaujua. Toka hapo sijapanda chombo chochote cha maji, Uswidi naenda kwa daraja, nyumbani naenda kwa ndege hadi Chake.

Sitaki mtu aniambie "usiogope". Nataka mtu aniambie ukweli. Hizo meli zimewahi kuzama?

---

Kobe_wa_Elbe

Wa aleikum salaam dada. Umetaka ukweli, nakupa.

Ndiyo. Moja kubwa kuliko zote. Meli inaitwa Estonia, iliondoka Tallinn jioni ya tarehe 27 Septemba 1994 kwenda Stockholm, watu 989 ndani. Usiku bahari ilichafuka. Meli zile za magari omo yake hufunguka, kwa Estonia kulikuwa na kofia kubwa ya chuma inayonyanyuka juu na nyuma yake mlango wa kupandia magari. Mawimbi yaliigonga ile kofia hadi vifungo vikaachia, ikang'oka na kuuvuta mlango. Maji yakaingia sitaha ya magari. Jaribu kubeba sinia lenye maji kichwani: ukiinama kidogo yote yanakimbilia upande mmoja, na yakishakimbilia hulirudishi. Sitaha ya magari ni sinia lisilo na ukuta katikati. Haikufika saa moja, meli ikawa chini. Walikufa 852, wakapona 137.

Kilichobadilika baada ya hapo: mwaka 1996 nchi za kaskazini mwa Ulaya zilikubaliana Stockholm kwamba meli ya abiria na magari lazima ibaki imara hata maji yakiingia sitahani. Omo za meli za zamani zilikaguliwa, nyingine milango ikachomelewa moja kwa moja, zikawa zinapakia kwa tezi tu. Na mwaka 1998 Umoja wa Ulaya ukatoa sheria ya kuhesabu na kuandikisha abiria. Wewe ukinunua tiketi leo ukaulizwa jina na tarehe ya kuzaliwa, ukadhani ni udaku, ni hiyo. Bandarini wanajua nani yuko ndani kabla kamba haijafunguliwa.

Nadhani hilo la mwisho, kwa mtu wa kwetu, ndilo zito.

---

Mkala_wa_Likoni

Mwaka ule ule. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe, watu 272, mita chache kutoka ufukweni. Nilikuwa darasa la tano. Walimu walipita madarasani wakiita majina.

Dada Bint Chake, nakuelewa.

---

Bint_Chake

Asanteni. Kobe, asante kwa kutonizunguka. Niacheni nitafakari.

---

Karani_wa_Mipaka

Poleni wote. Naingiza la makaratasi kabla halijaulizwa mara mia. Nchi zote za mzunguko huu ziko Schengen, yaani eneo la nchi zilizoondoa ukaguzi wa pasipoti mipakani kati yao. Ukiwa na kibali cha kukaa cha nchi mojawapo pamoja na pasipoti hai, unaruhusiwa kutembelea nyingine hadi siku 90 ndani ya kila siku 180. Aliyekuja na viza ya kuingia mara moja asihofu, kuvuka Tallinn kwenda Helsinki si kutoka na kuingia upya. Ila beba VYOTE viwili, kibali na pasipoti, na jina la tiketi lifanane na la pasipoti, wale wenzangu wa majina manne mnanielewa. Kutokuwa na mpaka hakumaanishi hakuna polisi. Bandarini wanachagua magari, na sisi huwa tunachaguliwa.

Mwenye maombi ya hifadhi ambayo hayajajibiwa, usijaribu. Kaa ulipo.

---

Chumvi_Kidogo

"Na sisi huwa tunachaguliwa" 😂 Sema kweli mkuu.

---

Kobe_wa_Elbe

KIPANDE CHA PILI, Klaipėda hadi Tallinn.

Klaipėda kuna kivuko kifupi mpaka Smiltynė, kwenye ule ulimi wa mchanga wa Curonian, kilomita 98, UNESCO waliuorodhesha mwaka 2000. Safari yenyewe haikupi muda wa kumaliza chai. Angalia usikosee: waenda kwa miguu wana gati lao la zamani mjini, magari yana gati lao jipya kusini kidogo. Mimi nilikosea, kama kawaida. Ukivuka, mbele kuna kizuizi unalipia gari kuingia, halafu kama kilomita 50 za msitu wa misonobari hadi Nida. Kule usilale ovyo kando ya njia, ni hifadhi, wanapiga faini. Uwanja wa kambi upo. Usiku ule tulipanda kilima cha mchanga cha Parnidis, jua likagoma kuzama. Saa tano usiku bado ningeweza kusoma gazeti.

Latvia tulipita upesi, mvua ilitukimbiza. Nitakachosema ni Kolka tu, ncha ambapo ghuba ya Riga inakutana na bahari kubwa, mawimbi yanagongana uso kwa uso. Hakuna kitu pale isipokuwa hicho, na kinatosha.

Estonia ndiyo iliyonimaliza. Shirika lao la misitu, RMK, lina vituo vya kulala bure msituni na pwani: pa kuwashia moto, kuni mara nyingi zimeshakatwa, choo cha shimo kisafi kuliko vingi nilivyolipia. BURE. Siku nne hatukutoa hata senti ya malazi. Tallinn kwenyewe tulikaa Pirita, bandari ya jahazi waliyoijenga kwa mashindano ya tanga ya Olimpiki ya 1980.

Halafu aibu yangu. Wakati wa kununua tiketi ya Helsinki mfumo uliuliza urefu wa gari kwenda juu. Nikaandika chini ya mita mbili, ndivyo kadi ya gari inavyosema. Nikasahau kwamba juu ya paa nina sanduku. Getini kuna kijana na fimbo yenye alama. Akatazama fimbo, akatazama sanduku, akanitazama mimi. Tofauti niliyolipa pale, pamoja na kuhamishiwa mstari wa magari marefu, ilikula akiba ya zile siku nne za bure. Kampuni siitaji, kosa langu. Pimeni gari na kila kilicho juu yake. Na msinunue tiketi ya Ijumaa jioni, ndipo Wafini wanapokwenda na kurudi. Jumatano asubuhi bei ni ya kibinadamu.

---

Mtoto_wa_Tandale

Nasoma Helsinki, hiyo njia ni kama pantoni ya Kigamboni kwangu, nimeipanda hadi nimeacha kuhesabu. Kilomita kama 80, saa mbili, karibu sawa na Dar kwenda Unguja. Tofauti ni ukubwa: Megastar inachukua watu 2,800. Ndani kuna duka kubwa, na hapo utajifunza tabia za Wafini. Wana vitoroli vya kukunja, wanashuka Tallinn mikono mitupu, wanarudi wamesukuma masanduku ya bia yamefungwa kamba kama gunia la mkaa kwenye baiskeli. Kwao pombe ghali na kali inauzwa duka la serikali tu.

Kama huna gari nenda kwa miguu, raha zaidi. Tramu inakushusha mlangoni mwa bandari ya magharibi.

Ila mliosafiri Juni hamjaiona Baltiki. Njooni Februari. Ghuba ya Ufini inaganda, meli inapita kwenye mfereji uliochongwa kwenye barafu, na usiku ukilala unasikia mabati yanaburuzwa ubavuni mwa kitanda. Mara ya kwanza nilikaa macho. Mara ya tatu nililala zaidi ya kawaida. Na Estonia, majira ya baridi yakiwa makali kweli, serikali inafungua barabara juu ya bahari kwenda visiwani, ile ya Hiiumaa ni kilomita kama 26. Mnaendesha juu ya barafu mkanda UMEFUNGULIWA, ili gari likizama utoke. Na mwendo hauruhusiwi kati ya 25 na 40, kwa sababu mwendo huo unazua wimbi chini ya barafu linaloweza kuivunja. Chini yake sawa, juu yake sawa, katikati hapana.

---

Dereva_wa_Masafa

Nathibitisha. Mwili wote unakataa kufungua mkanda.

---

Bint_Chake

Mtoto wa Tandale, hukunisaidia hata kidogo 😅

---

Mkala_wa_Likoni

Kobe, ghali zote hizo, hakuna kivuko cha mnyonge huko? Likoni anayetembea kwa miguu halipi.

---

Kobe_wa_Elbe

Kipo, na ni kizuri kuliko vyote. KIPANDE CHA TATU.

Toka Helsinki tulikwenda Turku, na mbele ya Turku bahari imemwagiwa visiwa, maelfu. Barabara inafika majini inakoma, na hapo kinakuja kivuko cha rangi ya njano. Hulipi. Huko Ufini kivuko cha njano kinahesabiwa ni barabara, kama daraja ambalo hawakulijenga. Uswidi nao wana vya kwao, njano vile vile, bure vile vile. Unasubiri kwenye majani, watoto wanauza stroberi, kivuko kinakuja bila kelele. Tulipoteza siku mbili visiwani tukiruka kimoja hadi kingine. Nikamwambia mama watoto hapa ndipo pa kuzeekea, akaniuliza Februari je?

Halafu meli ya usiku, Turku hadi Stockholm. Inang'oa nanga kuelekea saa tatu usiku, saa kumi na mbili na kitu asubuhi uko Stockholm, na saa yako unairudisha nyuma saa moja. Kaeni nje masaa mawili ya kwanza, msilale. Meli kubwa kama hoteli inapenya katikati ya visiwa, unaona mtu kwenye kibanda chake anaosha vyombo, unamwona vyombo gani.

Usiku wa manane nikahisi injini zimebadilika sauti. Nikapanda juu. Meli imefunga gati, kisiwa kimelala, taa mbili tatu. Hakuna hata abiria watano waliopanda. Dakika chache tu, tukaondoka. Nikamuuliza mhudumu, kwani tumesimama kwa ajili ya nani? Akacheka: kwa ajili ya duka.

Maana yake hii. Tarehe 1 Julai 1999 Ulaya ilifuta bidhaa zisizo na ushuru kati ya nchi wanachama. Lakini visiwa vya Åland, ambavyo ni Ufini ila watu wake wanaongea Kiswidi, vilipewa nafasi ya kukaa nje ya eneo la kodi la Umoja Ufini ilipojiunga mwaka 1995. Basi meli ikigusa Åland, hata saa nane usiku, hata kama hakuna anayeshuka, duka lake linaruhusiwa kuuza bila ushuru. Ndiyo maana zinasimama Mariehamn au Långnäs kila usiku. Chombo chenye maelfu ya watu kinapinda njia kwenda kubisha hodi, kisha kinaondoka. Na tiketi ni rahisi kwa sababu hiyo hiyo, duka ndilo linalolipa.

---

Chumvi_Kidogo

Yaani ni kama kwenda msibani kuonekana tu, kisha unarudi kwako 😂😂

---

Karani_wa_Mipaka

Mfano umekaa.

---

Kobe_wa_Elbe

Kumalizia: Uswidi tuliteremka hadi Trelleborg, mji wa kusini kabisa. Na amini usiamini, barabara yao kuu ina mitende! Wanaipanga kiangazi, baridi ikija wanaiingiza ndani kama kuku. Meli ya kwenda Rostock tulichukua ya mchana, kama saa sita, na nikajuta, siku nzima inaliwa na saa za kukaa kitini. Ningechukua ya usiku. Kwa maandishi nasema meli ni gesti, kwa vitendo nilichukua gesti mchana.

Mitungi ya gesi: wa Ujerumani haujazwi Uswidi wala Ufini, vichwa havifanani. Ondokeni na mitungi miwili iliyojaa.

---

Bint_Chake

Kobe, una muda? Swali la mwisho. Chumba. Nimeangalia tovuti, vya bei nafuu vimeandikwa sitaha ya 2. Hiyo iko wapi?

---

Kobe_wa_Elbe

Dada, usichukue hiyo. Kwenye meli nyingi za njia hizi sitaha ya 2 iko chini ya magari. Ni salama kama sehemu nyingine kwa mujibu wa sheria, lakini wewe hutapata usingizi, utakuwa unasikiliza. Ongeza pesa, chukua cha juu ya sitaha ya magari, chenye dirisha. Ukipanda, kabla ya kula, tembea na mumeo kutoka chumbani hadi mahali pa kukusanyikia, mara mbili, mkihesabu milango. Mimi hufanya hivyo kila safari na sioni haya.

Na usianze na ya usiku. Hapo ulipo, panda treni hadi Helsingør. Kuna kivuko cha kwenda Helsingborg, Uswidi, kilomita kama nne, dakika 20, ng'ambo unaiona muda wote. Kuna viwili vinatumia betri, hata moshi hakuna. Nenda peke yako kwanza, au na mume, ila bila gari. Ukichoka moyo, unarudi na treni ya darajani.

---

Bint_Chake

Sawa kaka.

---

Bint_Chake

(siku tisa baadaye)

Wadau. Nimevuka leo. Nilikaa nje, nimeshika chuma mkono wa kulia, mkono wa kushoto nimemshika mume wangu, kucha zangu zimebaki kwenye mkono wake. Katikati nilifungua macho. Maji yalikuwa ya kijivu, hayafanani hata kidogo na yetu. Kulikuwa na bibi mmoja wa Kiswidi anakula aiskrimu, hajashughulika na bahari hata mara moja.

Helsingborg nilikaa kwenye benchi nikalia, mume wangu akaninunulia chai. Kurudi nilisema turudi kwa treni. Halafu nikasema hapana, twende hivi hivi.

Sasa hiyo ya Turku, Kobe. Ukisema juu ya magari ni sitaha ya ngapi? Na dirisha linafunguka?

---

Kobe_wa_Elbe

Mashallah dada yangu! Dirisha halifunguki. Sitaha inategemea meli, nitumie jina la meli faraghani nikuangalizie ramani yake usiku huu.

---

Mkala_wa_Likoni

Bint Chake, chai ya pili kwangu.

---

Chumvi_Kidogo

Mmeniliza nikiwa kazini. Haya Kobe, ile picha ya mbuzi kwenye kivuko cha njano uliyoahidi iko wapi?

---

Kobe_wa_Elbe

Sikuahidi mbuzi, mbuzi ni wa Likoni. Nilisema stroberi. Napandisha kesho.